Kiota Kwenye Kamba ya Nguo

Nani alikudanganya kwamba ndege lazima apate mti? Mtaani Kiganjo miti ilikatwa zamani, ploti za nyumba za kupanga zikajengwa, na chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, akatundika kiota chake katikati ya kamba ya kuanikia nguo. Alikifuma kwa nyuzi alizodonoa kwenye ovaroli ya Githae, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Githae alijiona mjenzi mwenza.

Ijumaa jioni, jirani yake Mama Beth alitoka na kisu.

"Kesho nafua, Githae. Hii takataka naitoa."

"Makinda wamo ndani! Na wewe ulipohamia hapa ulikuta shamba? Si ulipanda mboga za sukuma kwenye gunia?"

"Ngai! Sasa mimi ni ndege?"

"Tena ndege mjanja."

Mama Beth akacheka, akaingia kwake bila kuahidi lolote, kisu bado mkononi.

Asubuhi Githae alifungua mlango kwa hofu. Kiota kilikuwa pale pale. Mama Beth alikuwa akianika mashuka juu ya ua wa michongoma, na kinda mmoja akachomoka kiotani, akapepesuka hewani, akatua juu ya shuka lake.