Nyumba ya marehemu mama ilikuwa imefungwa miezi minane, lakini kibuyu kilikuwa na mursik

Wakuu, hamjambo humu ndani. Hii kitu nimekaa nayo tangu miaka ya tisini na sijaongeza chumvi. Anayetaka kunichapa kwa comments anichape tu, nastahili.

Mama alikuwa amefariki, baba alitangulia kitambo. Tulizaliwa wawili tu, mimi na dada yangu Rael, aliyekuwa ameolewa Siongiroi. Kwa vile mimi ndiye kijana, boma la Kapkatet likawa langu. Nyumba ya mabati, kipande cha majani chai na ng'ombe mmoja.

Mimi nilikuwa clerk Kericho town na nilitaka plot huko huko. Nikapata mnunuzi, mwalimu mmoja wa Soin, mtu mpole lakini anaona kila ufa. Akasema atakuja na wazee wake waangalie.

Basi kila Jumamosi nikawa naenda kuiandaa. Kusugua masizi, kubadilisha mabati yaliyooza, kupaka rangi. Ufunguo wa mlango nilijua ni mmoja tu, na ulikuwa mfukoni mwangu. Hiyo mshike.

Jumamosi ya kwanza nikafungua. Viti vya sebuleni vimejaa vumbi, sawa. Lakini chumba cha mama kilikuwa kimefagiliwa.

Kibuyu chake cha mursik kilikuwa kwa msumari pale pale. Nikakishika nikitoe. Kizito! Nikatikisa, nikasikia maziwa.

Kwa wale si wa huku: mursik ni maziwa ya kugandishwa kwa kibuyu kilichosuguliwa ndani na mkaa wa mti wa senetwet. Inakaa siku kadhaa. Haikai miezi minane.

Woi, nywele zilinisimama.

Mtu wa kwanza kuja kwa akili yangu alikuwa mzee Onyango. Huyu alikuja kutoka kule ziwani kufanya kazi kwa estate ya majani chai, akastaafu, mama akampa chumba karibu na gate. Ndiye alikuwa analinda boma na kukamua ng'ombe. Nikajiambia, huyu mzee amechonga ufunguo. Anataka mwalimu akija akute nyumba ina mtu, akimbie.

Ningebadilisha kitasa, lakini kichwa changu ni kigumu, nilitaka nimshike. Nikabana kijiti cha kiberiti juu ya mlango nikarudi town.

Wiki hiyo yote ofisini nilikuwa nachapa barua za watu nikiona Onyango amelala kwa kitanda cha mama na viatu. Hata chakula kilinishinda.

Jumamosi ya pili, kijiti chini. Kibuyu kimejaa zaidi.

Nikatoka nikamkuta Onyango anakatia ng'ombe nyasi. Sikumsalimia. Nikamwambia, "Mzee, mama yangu alikupa mahali pa kulala, na wewe unaingia kwa nyumba yake kama mwizi?"

Aliweka panga chini polepole.

"Koech, nimekaa na nyinyi miaka hii yote na hiyo maziwa yenu ya mkaa imenishinda. Sasa wewe, Mkipsigis mzima, unaniuliza mimi mwanaume kama nimesugua kibuyu?"

Wakuu, hapo alinipata. Kwetu hiyo ni kazi ya mama na wasichana. Mwanaume anakunywa tu. Lakini kwa vile hasira ilikuwa imenipanda, nikaropoka, "Basi umeleta mwanamke!"

Akaniangalia, si kwa ubaya. "Enda uonje. Alafu urudi uniite mwizi."

Nikaenda, nikamimina kwa kikombe, nikaonja.

Ilikuwa mkono wa mama. Mkaa kidogo, moshi mwingi, na ule uchachu unaokuja nyuma ya ulimi. Nililia hapo nimesimama, mtu mzima. Kwa dunia nzima ni mtu mmoja tu mama alimfundisha mkono huo.

Sasa niwaambie kitu ambacho nilikuwa nakizunguka tangu mwanzo. Mwaka uliotangulia, mama akiwa bado hai, Rael alirudi nyumbani uso umevimba. Bwana yake alikuwa anampiga. Na mimi, kaka yake, kwa hiyo hiyo sebule, nilisema msichana akishaolewa kwao ni kule. Ng'ombe wa mahari walishakuja, aibu itatuua. Nikamrudisha Siongiroi mimi mwenyewe. Mama alikaa kimya. Nilidhani ameniunga mkono.

Nilipotoka nje, Onyango alikuwa ameangalia upande wa majani chai. Nikamwona Rael katikati ya mistari, kikapu mgongoni. Kumbe Jumamosi zote mbili alikuwa amejificha huko mpaka niondoke. Aliniogopa mimi.

Alikuja mpaka mlangoni. Mkono mmoja ulikuwa haunyooki vizuri.

"Rael, uliingiaje?"

Akatoa ufunguo kwa kifua, umefungwa uzi wa sweta nyekundu. Sweta ya mama.

"Mama alinipa. Ile siku ulinirudisha. Uliingia chumbani kuchukua koti, akanifumbatisha mkononi."

Kumbe alikuwa amemtoroka bwana yake, analala chumbani kwa mama, na maziwa ya kibuyu anapewa na Onyango.

Mwalimu wa Soin nilimwambia boma haliuzwi. Alikasirika, na ana haki. Plot ya town sikununua mpaka leo. Ile rangi niliyonunua Rael aliikataa, ati inakaa ya hospitali, akapaka yake.

Ufunguo wangu nilimwachia Onyango Jumamosi hiyo hiyo. Nikienda Kapkatet napiga hodi kama mgeni, nangoja Rael, mwenye nyumba, anifungulie, na mursik napewa.

Nilichojifunza ni hiki: nilikuwa natafuta mwizi, kumbe aliyenyang'anywa kwao alikuwa dada yangu. Wewe unayepaka rangi boma la wazazi ukingoja mnunuzi, dada yako umemuuliza? Semeni, nasoma zote, hata matusi.