Siku Bi Kulsum alipomrekodi mbunge kwa siri hapa Tooting

Wakuu, salaam kutoka Tooting, kusini mwa London.

Mie humu ni msomaji wa kimya, miaka sasa. Jana nimeona uzi vijana wanabishana kama ni haki kumrekodi kiongozi kwa simu bila yeye kujua. Nikasema leo bibi yenu naye aandike.

Ni kweli tupu, sitii chumvi. Chumvi yenyewe daktari ameshanikataza.

Turudi miaka ile Wahindi wa Uganda walipofukuzwa. Mie binti wa Kizanzibari, najifunza unesi hapa, nimepanga chumba cha juu. Chumba cha chini akaletwa mama mmoja kutoka Jinja, Bi Kulsum, mjamzito.

Kigujarati sikijui, na yeye Kiingereza hakijui. Tukaangukia Kiswahili. Jamani, uko kwenye baridi ya London, mtu anakugongea mlango: "Dada, bizari iko?" Nilimpenda siku ile ile.

Shida yake ilikuwa moja. Yeye alikuwa na paspoti ya Kiingereza. Mumewe Sadru, fundi redio, alikuwa amechukua uraia wa Uganda, nao ukafutwa, akabaki hana nchi. Basi mke akapandishwa ndege ya London, mume akaishia kambi ya wakimbizi Austria. Na sheria ya wakati ule haikumruhusu mke kumleta mumewe kirahisi.

Mtoto akazaliwa, akaota meno, baba hajamwona.

Kuandika Bi Kulsum hakujua sana, kwa hiyo alimtumia mumewe kaseti. Redio kaseti ya Sadru ndiyo kitu pekee cha maana alichotoka nacho Jinja. Usiku na mchana, mtoto akilia tu, mama anabonyeza rekodi.

Sista wetu wa wodi, Mwingereza, akaniambia, "Nendeni kwa mbunge wenu. Jumamosi asubuhi anakaa maktaba, anaingia yeyote."

Nikadhani ananitania. Mbunge? Bila barua ya utambulisho, bila kumjua mjomba wake?

Bi Kulsum ndiyo kabisa: "Mimi hapana amini. Mutu kubwa leo nasema, kesho nasahau."

Nikamburuta hivyo hivyo. Mgongoni kamfunga mtoto, mkononi kashika kapu lililofunikwa shali. Mie nikajua ni nepi.

Wakuu, mlangoni hapakuwa na askari hata mmoja. Tukakaa kwenye foleni. Mbele yetu bibi kizee wa Kiingereza ana kesi ya mtaro wa maji machafu, akaueleza mtaro ule tangu ulipochimbwa. Mbunge anaitikia tu, anaandika.

Zamu yetu ikafika. Mtu mwenyewe sweta lake limetoboka kiwiko. Akasimama, akamvutia Bi Kulsum kiti kwa mkono wake. Sijawahi kuona mheshimiwa akimvutia mtu kiti.

Hakuuliza tulimpigia kura nani. Na ndani ya chama chake walikuwepo wasiotaka Wahindi waje kabisa, tulikuwa tunawasikia redioni. Akasikiliza, mie nikitafsiri, mpaka mwisho. Kisha akasema, "I shall write on Monday morning."

Kabla sijatafsiri kwamba Jumatatu asubuhi ataandika barua, kapu likasema TAK!

Foleni nzima ikageuka.

Sauti ile naijua. Mkanda ukifika mwisho, kitufe cha rekodi kinaruka chenyewe. Kumbe mwenzangu alibonyeza tangu mlangoni asije akashtukiwa, na mkanda mzima umejaa mtaro wa bibi kizee!

Mwezi ule ule natakiwa niende lile jengo la uhamiaji la Croydon kuongeza karatasi zangu za kukaa. Nikajiona nishafungashwa virago.

Mbunge akauliza, "Kuna nini humo?"

Bi Kulsum akafunua shali, akaiweka redio kaseti juu ya meza yake. Kidevu juu.

"Dada, ambia yeye kweli. Jinja pia wao nasema sisi raia. Hapana mutu nashika sauti yao. Leo mimi nashika."

Nikatafsiri neno kwa neno.

Yule bwana akavua miwani. Halafu akasema, "Mwambie ageuze mkanda. Nitasema upya, polepole."

Wallahi nililia pale pale, na unesi wangu.

Akaisogeza mashine mdomoni. Akataja jina lake, akataja tarehe. Akasema, "Bwana, mkeo na mwanao wako hapa mbele yangu." Kisha akarudia: I shall write on Monday morning. Mkanda ule tukautia posta kwenda kambini kwa Sadru.

Wiki ile ile ikaja kwa posta nakala ya barua aliyoandika serikalini. Ya Jumatatu kweli. Akajibiwa hapana, akaandika tena, na kila mara nakala inatujia. Ilichukua miezi, lakini ruhusa ikatoka.

Tukaenda kumpokea stesheni ya Victoria. Sadru akashuka na koti la kuazima, mwembamba. Kiingereza alichotoka nacho Jinja kilikuwa cha majina ya vipuri. Akamtazama mkewe, akamtazama mtoto. Mwishowe akanyoosha mgongo akasema, kwa lafudhi ya mbunge kabisa:

"I shall write on Monday morning!"

Bi Kulsum akampiga bega, huku analia. Kumbe kule kambini alitengeneza redio kaseti mbovu ya jirani, akausikiliza mkanda ule kila siku mpaka banda zima wakaukariri.

Najua nchi hii ina mabaya yake, tumetemewa mate mabasini. Lakini ile Jumamosi siwezi kuwanyima Waingereza. Nilichojifunza ni kwamba mtu mwenye nia ya kutimiza haogopi sauti yake ihifadhiwe.

Kaseti anayo yule mtoto, sasa naye ni bibi. Wajukuu wake nikiwahadithia kwa Kiswahili wananijibu, "Play it again, Bibi."

Haya, uwanja ni wenu. Kiongozi wako wewe, ukibambwa unamrekodi, atakwambia ugeuze mkanda?