Sensa ya Joto Niliyoifuata Wajir

Landrova ya marehemu baba ilipochemka mbele ya msikiti hapa Garissa, watu wakiruka pembeni kuokoa kanzu zao, mama alitoa hukumu: "Ikichemka tena, inauzwa." Mama hasemi jambo mara mbili. Gari lile limenizidi umri, nami nalipenda kuliko ninavyokiri. Sindano ya geji ya joto ilikuwa imelala miezi, na sensa yake, kile kidude kinachopima joto la maji ndani ya injini, haikupatikana duka lolote mjini. Kisha Abdi, fundi wa Wajir aliyekuwa akimtengenezea baba, akanipigia simu kwamba anayo moja. Nikaomba ruhusa shuleni ninakofundisha.

Alfajiri, baada ya swala, nikashika barabara. Bila geji ilinibidi kusimama kila mara, kufungua boneti, kugusa mpira wa rejeta na kusubiri upoe. Karibu na Modogashe mchunga ngamia mmoja alinitazama mpaka akachoka. "Abaayo," aliniita, yaani dada, "huyo mgonjwa wako unampeleka hospitali gani?"

Saa sita nilikuwa Habaswein, nikanywa chai na kuongeza maji kwenye rejeta.

Wajir niliingia saa tisa. Kwa Abdi, sensa haiingii kwenye injini kabla haijaingia jikoni. Aliifunga nyaya mbili, mmoja kichwani na mwingine kwenye mwili wake wa chuma, akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka, nyaya akaziunganisha na geji na betri. Sindano ikapanda. Mkewe akadai sufuria yake. "Sensa nzima," Abdi akasema.

Nikaomba niifunge mwenyewe. "Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta," nilimwambia, naye akacheka, akaenda kuswali Alasiri. Sisi tuliokulia kwenye ukame hatuvumilii maji yanayovuja. Nikazungusha tepu nyeupe ya mabomba kwenye hesi za sensa, ile mikato yake ya skrubu, mizunguko kumi na zaidi, nikakaza kwa spana, nikajaza maji haraka haraka. Halikutoka hata tone.

Tulitoka kulijaribu gari nje ya mji. Sindano ilibaki kwenye baridi. "Umeona injini ilivyotulia?" nilijigamba. Abdi alikuwa akinusa. "Zima! Walaahi, zima!" Mvuke ulikuwa unatoka chini ya boneti. Nilizima. Kichwa cha injini kikipinda, nani atanipatia kingine?

Tulikaa kando ya barabara mpaka ikapoa, mimi natamani Abdi anigombeze. Kisha akaifungua sensa. "Abaayo, nani amemvisha huyu kanzu?" Sensa hii ina waya mmoja tu, umeme hurudi kupitia hesi zinazogusa chuma cha injini. Tepu yangu ilikuwa imeziba njia hiyo. Na kwa kujaza maji kwa pupa, nilikuwa nimenasa hewa ndani. Abdi alikwangua tepu yote, akairudisha sensa na wosha ya shaba, pete inayozuia maji bila kuzuia umeme, akatoa hewa taratibu. Akachomoa kijiti cha oili, akakitazama. Oili haikuwa na maji; kichwa cha injini kilikuwa salama. "Alhamdulillahi," tulisema pamoja. Tulipowasha, sindano ilipanda hadi katikati ikatulia hapo.

Kesho yake, baada ya kulala kwao na kulishwa nyama ya ngamia mpaka nikaomba msamaha, nilirudi. Sindano haikutoka katikati. Mimi ndiye nilikuwa nachemka: njia nzima nilitunga maneno ya kumficha mama ukweli. Abdi hatasema, nilijiambia. Lakini nilikuwa nimeona kwa macho yangu hatari ya geji inayosema yote ni shwari.

Garissa, jioni, nilimkuta mama uani. "Hooyo, ilichemka tena," nilisema kabla sijakaa. "Na kosa lilikuwa langu." Nikamweleza yote, hata tepu.

"Baba yako aliichemsha barabara ya Balambala mara nyingi sana," mama akasema. "Kila mara alirudi akaniambia ni pancha, na mimi naona madoa ya maji yaliyokaukia kwenye boneti." Akajitanda shungi lake vizuri. "Kesho nipeleke Balambala kwa dada yangu. Nitakaa mbele, hiyo sindano niiangalie mwenyewe."