Ukurasa Aliokomea Shemeji

Mume wa dada yangu alikuwa karani huko shamba, Kizimbani, akirudi mjini kila Alkhamisi. Wiki zake za mwisho alikuja na kitabu cha Kiingereza, hadithi ya mauaji, jalada limechanika. Ijumaa alasiri alikaa ukumbini akimfasiria dada kwa Kiswahili, kurasa chache chache, nami nikisikiliza huku nakuna nazi. Tajiri mmoja kauawa nyumbani kwake na muuaji hajulikani. Shemeji alimshuku mpwa wa tajiri. Lakini daktari wa nyumba ile, shemeji alimpenda mno. Kila daktari akitokea, shemeji humsifu, husema huyu ndiye mtu. Walipofika katikati ya kitabu homa ikamshika, na siku ya nne tukamzika.

Dada akaingia eda. Miezi minne na siku kumi hatoki, hajitii manukato, na chakula hakimpiti kooni. Alichotaka ni kitabu kile tu. Mimi nilikuwa nasoma skuli na Kiingereza nilikijua, basi nikashika kazi ya kufasiri. Nikifika ukurasa aliokomea shemeji, dada husema basi, na siku ya pili tunaanza tena mwanzo. Husikiliza kafumba macho, kisha hunywa uji nusu bakuli. Mara ya tano uvumilivu ulinishinda. Niliogopa, nasema kweli, kwamba dada yangu anapotewa na akili.

Kilichonidanganya ni maulidi. Kwetu kila mwanamke anayajua maulidi toka mwanzo hadi mwisho, anajua wapi atasimama na wapi atalia, na akifika pale hulia kweli. Nikajiambia kuwa kujua mwisho hakuharibu kitu, huenda kukamtuliza. Asubuhi moja nilipanda juu na kitabu, nikakimaliza peke yangu, nikashuka kumwambia. Muuaji ni daktari.

Hakupiga kelele. Aliniuliza kama nina hakika, nikajibu ndiyo.

"Mimi na marehemu tulikuwa pale pamoja, sote hatujui," alisema. "Sasa mie nshajua. Yeye hajui."

Nilimwomba radhi, nikamwahidi kumsomea tena kama kwamba sikusema neno. Alikubali kwa kunionea huruma, nadhani. Nikaanza. Daktari aliingia, akamshika tajiri mkono na kumuuliza hali, maneno yale yale niliyoyafasiri mara tano nikiyaona matamu, na ulimi ukawa mzito. Upole wake wote ulikuwa umeoza. Sikuweza kuusoma kama upole, na kuusoma kwa namna nyingine nilishindwa pia. Nilimchukia daktari yule, nikajichukia mimi zaidi.

Dada alifumbua macho.

"Kumbe marehemu hakuwa akijua watu," alisema. "Na mimi alikuwa akinisifu vivyo hivyo."

Nilitaka kumwambia kwamba hicho ni kitabu tu, kwamba mtunzi kakusudia kumdanganya kila msomaji, na hata mimi nilidanganyika. Nilimwambia yote hayo. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni, kisha akageukia ukutani na uji nikaurudisha jikoni.

Eda ilikwisha, wanawake wakaja kumtoa. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na aliyetaka kumposa hakukosekana, lakini alimkataa kila mmoja. Mumewe sikumsikia akimtaja tena.