Boti tuliyoibeba kutoka ziwani hadi Kakuma ili kuipasua sakafu

Wakuu, habari za huku jukwaani. Wengi wenu mnanijua kama msomaji wa kimyakimya. Leo nina kisa changu mwenyewe, na nitakisimulia bila kuongeza chumvi.

Mimi ni mtu wa Voi, lakini Voi sijakaa tangu nimalize form four. Nimeishi Nakuru, Eldoret, Kitale, kila mahali nikiwa na grinder yangu na mashine ndogo ya kuchomelea. Nikisikia kuna mji mbele, miguu inawasha.

Kutoka Kitale nilipanda lori la mahindi, nia yangu ikiwa Juba. Tukashuka Marich, tukapita Kainuk, Lokichar, joto likipanda kila kituo. Kufika Lodwar lori likaharibika, na spea ikakawia. Nikaanza kuchomelea milango ya watu nikisubiri.

Lori lilipotengenezwa liliondoka bila mimi.

Sasa kuna mama mmoja, Mama Ekiru, aliyekuwa na boti ya alumini kule Eliye Springs, ufukweni mwa Ziwa Turkana. Inavusha watu, inaleta samaki. Mwendeshaji ni mwanawe Ekiru, kijana mkubwa mwenye mke na watoto.

Boti ilikuwa imenunuliwa na marehemu mume wa Mama Ekiru ikiwa tupu, mbavu wazi. Mzee akaijengea sakafu ya alumini mwenyewe, chini akajaza foam ili isizame hata ikipinduka. Kisha akachomelea pande zote, hakuacha hata tundu la sindano. Alikuwa anataka familia yake iwe salama. Mwaka huohuo akaugua, akafariki.

Miaka ikapita, boti ikaanza kuwa nzito. Nyuma inakaa chini sana. Siku moja upepo wa ziwa uliamka, mawimbi yakaingia kwa nyuma, na Ekiru akarudi ufukweni akichota maji kwa sufuria ya chai.

Ndipo wakaniita mimi, mtu wa milango.

Nilipogonga sakafu kwa nyundo, badala ya kulia ilijibu kama gunia la mchanga mbichi. Maji yalikuwa yamepata ufa mahali fulani, yakaingia kwenye foam, na hayakuwa na pa kutokea.

Nikasema tuikate. Mama Ekiru akakataa.

"Hiyo sakafu ni mkono wa mzee," alisema. "Tafuta njia ingine."

Ekiru akamwambia, "Mama, mzee hayuko ndani ya boti. Mimi ndio niko ndani."

Yule mama alienda kukaa kando, akatutazama kama wageni.

Basi tukafanya kosa ambalo nadhani linafanyika Turkana pekee. Tuliliamini jua.

Kule, nguo unaanika asubuhi, ukimaliza kuanika ya mwisho ya kwanza imekauka. Nyama inakauka, mto wenyewe unakauka. Nani atafikiria kuna kitu kinaweza kubaki na maji? Nikatoboa matundu mawili nyuma, tukaivuta boti mchangani, tukaiinamisha, tukaliachia jua kazi. Maji yalitoka, yakapungua, yakaisha. Kila mtu aliyepita aliangalia matundu makavu akasema imepona.

Tukaziba, tukairudisha ziwani. Ikakaa vilevile, matako chini.

Hiyo siku Mama Ekiru aliingia majini na nguo zake mpaka kiunoni, akaweka mkono kwenye ukingo wa nyuma, akapima kwa kiganja umbali uliobaki hadi maji. Kiganja hakikutosha kuingia. Akageuka kwa mwanawe.

"Nilizika mmoja," alisema. "Kata."

Lakini kukata ni rahisi. Kurudisha ndiyo kazi, na mimi alumini siiwezi, nikiigusa inatoboka. Nikaambiwa kuna fundi Kakuma, mkimbizi kutoka South Sudan anayeitwa Deng, aliyekuwa akitengeneza boti za Nile. Shida ni kwamba Deng hatoki kambini bila kibali, na kibali hakina haraka.

Kwa hivyo tukapeleka boti kwa Deng.

Wakuu, sijawahi kuchekwa vile. Boti juu ya lori, inaliacha ziwa, inaingia jangwani. Pale Lodwar mama mmoja wa makaa akatusalimu kwa Kiturkana, akauliza, "Ejok? Mnapeleka wapi hiyo?" Ekiru akamwambia Kakuma. Akasema, "Nuhu, si ungetuambia mapema tuuze mbuzi?"

Deng ni mrefu, mwenye maneno mengi na kicheko kikubwa. Alizunguka boti mara moja, akapiga sakafu kwa kisigino.

"Nyinyi naanika hii kwa jua?"

Nikakubali.

"Ya akuy, ndugu yangu, jua haina funguo. Hapa iko mlango?"

Halafu akaacha kucheka, kwa sababu alimwona Mama Ekiru. Alikuwa amekuja nasi, na alikuwa anapitisha kidole juu ya mshono wa marehemu, ule mstari wa alumini iliyoyeyuka unaozunguka boti nzima. Haukuwa mshono mzuri. Kuna mahali mkono ulitetemeka, kuna mahali alirudia.

Deng akachukua chaki. Badala ya kuchora juu ya mshono, alichora mstari umbali wa vidole vitatu ndani yake, kuzunguka sakafu yote.

"Hii ya mzee sisi hapana gusa," alimwambia mama. "Inabaki. Sisi nafungua katikati tu, kama kifuniko."

Nilikata mimi, polepole, nikifuata chaki. Tulipoinua sakafu, harufu ilitufukuza. Foam ilikuwa nyeusi. Ukiikamua inatoa maji ya ziwa, yaliyosafiri hadi Kakuma kwenye jua lote lile bila kukauka. Tuliichomoa kwa majembe na mikono.

Mama Ekiru alichukua kipande, akakikamua mpaka tone la mwisho, akakitupa kwenye rundo.

"Alifunga vizuri sana," alisema. Sikujua kama ni sifa au lawama. Labda vyote.

Deng alichomelea vipande vyembamba chini ya ukingo uliobaki, sakafu ileile ikapata pa kukalia. Tukaweka foam ngumu ya vipande, ile isiyonyonya. Kwanza tulikilaza kipande kimoja ndani ya ndoo ya maji na jiwe juu, kesho yake kikatoka chepesi kama kilivyoingia. Chini tukaacha njia ya maji, nyuma tundu lenye kizibo, ili maji yakipenya tena yawe na pa kutokea. Kisha sakafu ya mzee ikarudi mahali pake, juu ya mpira wa tyubu ya lori, kwa bolti.

Kule Eliye, boti ilisukumwa majini na vijana wachache tu. Mama Ekiru akaingia tena mpaka kiunoni, akaweka kiganja nyuma. Kikaingia chote, na mkono mpaka kwenye kiwiko. Akamwambia Ekiru, "Haya, enda." Yeye akabaki amesimama majini hadi boti ikawa nukta.

Mimi niliondoka Turkana siku hiyohiyo, na sijarudi. Deng alikuwa amenitaka tufanye kazi pamoja, na bado huwa nawaza ningekuwa nani kama ningekubali. Lakini ufukweni lilikuwapo lori linaloelekea kusini, na mnajua miguu yangu.

Nilichojifunza ni hiki: ukifunga kitu kwa ajili ya watu wako, waachie bolti. Siku moja watahitaji kuangalia chini, na wewe hutakuwepo kuwaonyesha pa kukata.

Kama kuna aliyewahi kupasua kazi ya marehemu ili iendelee kufanya kazi, aandike hapa chini. Na mafundi wa alumini, nikosoeni.