Kikoyi Nilichokataa Kuvua

Mimi mtu anayefanya kazi bure simwamini. Pale kliniki Tororo, nilikokwenda kwa maumivu ya nyonga, mzungu aliyekuja kujitolea kupiga eksirei aliniambia nivue nguo zote za kiunoni. Nikavua gomesi tu, gauni langu la juu. Kikoyi cha ndani, ninachofungia vitu vyangu, nikakataa. Akikimbia nacho je?

Aliyenileta ni Athieno, mke wa mwanangu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemfukuza arudi kwao, maana aliniibia ufunguo wa stoo; akasema atanifikisha kliniki kwanza.

Picha ikatokea kwenye mashine. Mzungu akashtuka. "Mama, hiki chuma nyongani ni nini?"

Athieno akaitwa. Akatazama, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, si ufunguo wako huo, umeufunga mwenyewe kwenye kikoyi! Haya, sasa nani arudi kwao?"