Kanuni Niliyoizima

Nikikumbuka kazi ile hasira zinanipanda hadi leo, na sijui nizielekeze wapi zaidi, kwa bosi wangu au kwangu mwenyewe. Amri ilikuwa yake. Kidole kilichobonyeza kilikuwa changu.

Nilikuwa nimetoka chuoni mwaka uleule, nikapata kazi Korogwe, katika chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya shule. Tulikuwa wawili tu, bosi na mimi. Zamani chanjo za mifugo zilikuwa shughuli ya serikali peke yake. Sasa watu binafsi nao walikuwa wameruhusiwa, na chama kimoja cha wafugaji wa Handeni kilikuwa kimejiagizia chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Kikatupa kazi ya kutengeneza programu ya kuwapangia wachanjaji: waende boma lipi, siku ipi, na dozi kiasi gani.

Kuandikisha kaya nilikwenda mimi. Katika boma moja nilimkuta mama mjane wa Kimasai, akanipa maziwa, tukazungumza vizuri. Nikamuuliza ana ng'ombe wangapi.

"Wapo," akasema.

"Wangapi, yeyo?" nikauliza, nikimwita mama kwa lugha yake.

"Mama yako huwa anawanyooshea kidole watoto wake, mmoja, wawili, watatu?" Akacheka. "Andika wapo."

Kwao mifugo haitajwi kwa idadi. Kuitaja ni kuiitia balaa. Nilikaa pale nikiwaza kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Nikikisia, nimedanganya. Nikimbana, nimemvunjia heshima nyumbani kwake. Mwishowe nikakiacha kisanduku cha idadi kitupu, na mpaka leo naamini hapo sikukosea.

Ofisini, kwenye kompyuta yangu, nilikuwa nimeweka kikaguzi. Ni programu inayosoma msimbo, yale maandishi yanayoiendesha programu, kabla haujaanza kazi, ikapiga mstari wa manjano chini ya makosa ambayo waandishi wa programu huyarudia kila siku. Kinafuata kanuni, na kila kanuni unaweza kuiwasha au kuizima. Mojawapo ilikataza kulinganisha vitu kwa alama mbili za sawasawa, ilitaka tatu. Ukiweka mbili, kompyuta inachukulia kisanduku kitupu na sifuri kuwa kitu kimoja. Ukiweka tatu, inavitofautisha. Bosi ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya msimbo, na aliweka mbili kila mahali, hivyo skrini nzima ilikuwa manjano. Mojawapo ya sehemu hizo za manjano ilikuwa amri ya kuondoa kwenye orodha kaya zenye ng'ombe sifuri.

Akaja akasimama nyuma yangu. "Msimbo wangu umeupaka nini? Una homa ya manjano?"

"Bosi, kuna sehemu inaweza kuleta shida."

"Unafanya kazi au haufanyi?"

"Unafanya, lakini..."

"Lakini. Dogo, wewe hata chai unainywa na lakini. Viongozi wa chama wameshafika Segera, saa yoyote wako hapa. Wakiona hiyo rangi watasema tumewauzia kitu kibovu. Zima hiyo kanuni."

Nilijua kwa nini nikatae. Nikaanza kuwaza: labda najifanya mjuaji, labda ataona simheshimu, labda kesho kiti hiki atakikalia mwingine. Mimi ni mtu wa kufunga mlango kisha kurudi mara tatu kuhakikisha nimeufunga. Siku hiyo nilifikiri mara zote tatu, halafu nikaizima. Viongozi wakaona skrini safi, wakampa bosi mkono.

Chanjo zilipoanza nilitumwa Handeni kuangalia orodha inavyokwenda. Yule mama nilimkuta amesimama njiani. Nikasema shikamoo, akaikata katikati.

"Wamechanja kule, wamechanja huku, mimi wamenipita," akasema. "Nimewaita, wananiambia karatasi inasema sina ng'ombe. Wa jirani wanakohoa, na tunanywesha maji pamoja. Nani kaandika kwamba sina?"

Nilijua kabla ya kuitoa kompyuta begini. Nikaiwasha kanuni palepale, mstari wa manjano ukatokea mahali nilipojua utatokea: kisanduku chake kitupu kilikuwa kimesomwa sifuri. Nikampigia bosi.

"Mwambie ataje idadi, tumwingize," akasema.

"Hawezi kutaja. Na kosa si lake."

"Ni la nani? Langu?"

"Letu."

Akacheka. "Basi asubiri awamu nyingine. Mtu hataki kuhesabu mali yake, mimi nimhesabie?"

Nikamkatia simu. Sijawahi kumkatia mtu simu kabla ya hapo. Nikawafuata wachanjaji maboma mawili mbele, nikamweleza mkubwa wao kwamba tumekosea sisi. Hakugomba. Alisema amebakiwa na chupa moja iliyokwisha kufunguliwa, nayo isipotumika leo ni ya kumwaga. Akaja.

Langoni mwa zizi alimwambia mama ukweli: dawa haitawatosha wote, huenda hata nusu isifike. Mama akanitazama mimi.

"Kwa hiyo nichague."

"Ndiyo, yeyo. Mimi ndiye niliye..."

"Shika hiyo kamba."

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, yakaishia hapo. Akaanza kuwaonyesha kwa fimbo, bila namba. Yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika. Yule wa madoa, na mama yake. Mmoja akamwonyesha, kisha akairudisha fimbo akamwonyesha mwingine. Nikawa nawafunga, mchanjaji anachoma. Nilikuwa nimemfikisha mtamba mmoja mwenye uso mweupe mchanjaji aliposema dawa imekwisha.

Mama akamshika mtamba shingoni, akamsukumia upande wa wale waliobaki. Walikuwa wengi.

"Hawa sasa siwezi kuwapeleka majini na wale wa jirani wanaokohoa," akasema. "Utawanywesha wapi?"

Alikuwa ananiuliza kweli, akingoja jibu. Nilikuwa bado nimeshika kamba.